Vua Glavu Kwanza

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, daktari wetu wa meno atatundika koti lake jeupe nyuma ya mlango wa chumba namba nne na kuwa mstaafu. Ametumikia hospitali hii miaka thelathini na mmoja, yote katika ghorofa hii moja na karibu yote kando ya kiti kile kile, ambacho kimebadilishwa ngozi na pedali lakini mlio wake wa kulalamika kinapolazwa haujabadilika. Mimi ni msaidizi wake. Kazi yangu ni kushika mrija wa kufyonza mate, kuchanganya dawa ya kuzibia meno, na kumwonyesha miwani yake ilipo, ambayo mara nyingi ipo kichwani pake.

Katibu wa jarida la wafanyakazi aliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nimejitahidi jamani. Kuchangamsha nitachangamsha, ila ukurasa mmoja umenishinda. Tena mstaafu mwenyewe, aliposikia kwamba mimi ndiye mwandishi, alinifuata hadi chumba cha kuchemshia vifaa akanipa onyo. Nikiandika kwamba alikuwa mwema tangu siku ya kwanza, alisema, atasimama katikati ya sherehe, mbele ya keki na mganga mkuu, anikanushe. Kwa hiyo yaliyomo humu yana utamu na uchungu, na uchungu umetiwa kwa agizo lake.

Tuanze na utamu. Alipoajiriwa alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele tele. Picha ipo mapokezi kwa wasioamini. Waliomtangulia wanasema alikuwa na mikono myepesi ajabu. Mgonjwa alikuwa bado anauliza kama itauma, na jino lake limeshalala kwenye sahani. Wakambandika jina la Chapuchapu, naye akalipokea kwa mikono miwili, hata akawa anajitambulisha nalo. Foleni yake ilikwisha kabla ya adhuhuri wakati wenzake hawajafika nusu. Miaka miwili mfululizo alichaguliwa mfanyakazi bora wa hospitali nzima, na vyeti vyote viwili vikatundikwa ukutani juu ya sinki. Leo ukiingia chumbani utaona cheti kimoja. Mahali pa cha pili pana msumari mtupu, na hatuna ruhusa ya kuung'oa wala kuning'iniza kitu juu yake. Nitaurudia msumari huo.

Vituko anavyo, tena vya kutosha. Daktari huyu, aliyewadunga watu sindano za ganzi tangu ujana wake, anaogopa sindano. Ilipoletwa chanjo ya wafanyakazi alijifungia stoo akidai anahesabu pamba, na muuguzi wa chanjo akamvizia mlangoni mpaka akatoka. Alipodungwa alishika mkono wangu kwa nguvu hadi nikapiga kelele mimi badala yake. Halafu anaimba akiwa kazini, na sauti yake, Mungu amsamehe, ni ya mtu anayesukuma kabati sakafuni. Mtoto mmoja alimsihi amng'oe jino upesi ili wimbo uishe. Hao watoto ndio waliompa jina analoondoka nalo, Babu Meno, na hili analipenda kuliko lile la mwanzo.

Maana huyu Babu Meno wa leo ndiye daktari wa polepole kuliko wote tulio nao. Foleni yake hunung'unika hadi maabara wanasikia. Hakulazi mpaka umwambie uko tayari kulala. Anakuonyesha kila chombo kabla hakijaingia mdomoni na kukueleza kitafanya nini. Anakwambia ukiinua mkono wa kushoto kila kitu kitasimama, kisha anakujaribisha, haya inua tuone, na ukiinua anarudi nyuma mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Anauliza mlango uwe wazi au ufungwe. Anauliza nani abaki chumbani na nani atoke, hata kama wa kutoka ni mimi. Wageni hudhani ni uzee. Si uzee, ndugu zangu, na hapa sasa ndipo linapoanza lile agizo lake.

Kila mfanyakazi mpya wa idara yetu, awe daktari, msaidizi au msafishaji, siku yake ya kwanza huitwa chumba namba nne, hukalishwa kwenye kiti cha mgonjwa na kusimuliwa jambo moja. Mimi pia nilikalishwa. Hakutaja jina la mtu, hakutaja mwaka, hakutaja ni jino lipi. Alisimulia kosa lake tu, na alilisimulia akiwa amesimama, kwa sababu alisema hastahili kulisimulia ameketi.

Enzi za Chapuchapu alikuja kijana mmoja ambaye alikuwa amekosa miadi mara kadhaa. Jino lake lilihitaji kusafishwa mzizi, kazi ya kuja mara mbili: leo linasafishwa na kufungwa kwa dawa ya muda, siku nyingine linazibwa moja kwa moja. Kijana alikuwa anatetemeka tangu mlangoni. Daktari akamtania kidogo, akamlaza, akamdunga, akasubiri ganzi ishike, akawasha taa na kulifungua jino. Alipotoa mkono ili abadilishe kifaa, kijana, nusu ya mdomo imekufa, akasema maneno machache. Alikuwa anamwambia aliyotendewa na mtu mzima alipokuwa mtoto mdogo, mambo ya kingono ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuyajua. Alisema kwa nini kulala vile chini ya taa kunamrudisha kulekule. Maneno yenyewe Daktari hakutuambia kamwe.

Daktari alisikia. Akatupa jicho kwenye saa ya ukutani, akapiga hesabu ya ganzi, akaona kwamba wasipopoteza muda itatosha kumaliza kazi ya siku ile. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Sawa. Fungua mdomo tumalize."

Kijana akafungua mdomo. Akafanya kila alichoambiwa, geuka huku, geuka kule, uma, achia. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali, na Daktari akawa anayafuta kwa pamba akidhani anamsaidia. Kazi ilikwisha salama. Kijana akashukuru, ndiyo, alishukuru, akachukua kofia yake na kwenda zake. Siku ya kuja kuziba hakuonekana, wala siku nyingine yoyote.

Nimelifikiria sana kosa lile na naona ni la watu wa kazi yetu peke yetu. Karani angeweka kalamu chini. Mwalimu angeacha chaki. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba ganzi ikishashika haichezewi, kwa sababu ikiisha kabla ya kazi, mgonjwa atadungwa tena na kuumia tena. Alitaka kumwepusha kijana wa watu na sindano ya pili. Kwa wema huo huo wa kitabibu akamfunga mdomo mtu aliyekuwa ameufungua kwa mara ya kwanza maishani.

Mwanzoni hakuelewa alichofanya. Wiki zilipopita na kile kiti kikabaki wazi siku ya miadi, ndipo ile "sawa" yake ikaanza kumwandama. Usingizi ulimpaa. Alikuwa akipiga mswaki anaisikia. Mwishoni mwa mwaka alipewa cheti cha pili cha mfanyakazi bora, akakitundika kwa kuwa mganga mkuu alikuwa anatazama, na watu walipotawanyika akakishusha. Msumari ndio ule. Anasema huutazama anaponawa mikono.

Hakuna aliyemtuma, ila alikwenda mwenyewe kwa mshauri nasaha wa hospitali, mama mmoja mtulivu ambaye alishahama, akamwambia nifundishe kama unavyomfundisha mtoto. Alirudi na mambo mengi, lakini yote yanaanzia kwenye hilo moja ambalo kila aliyepita idara hii analijua kuliko jina la mganga mkuu: vua glavu kwanza. Mgonjwa ambaye ni mtu mzima akikwambia kwamba aliharibiwa utotoni, huna jino mbele yako tena. Vua glavu, shusha barakoa, zima taa, inua kiti, keti macho yenu yalingane. Funga domo lako. Hilo la domo nimeliongeza mimi.

Akishasema, unamwambia kwamba umemsikia, unamwamini, na kosa halikuwa lake. Maneno hayo matatu, basi, usiyapambe. Humwambii kwamba yamepita, kwa sababu kama yangekuwa yamepita asingekuwa anatetemeka. Humuulizi mbona hakusema mapema. Huchimbi ilikuwaje, si hadithi ya kutusisimua sisi. Humkumbatii bila kumuuliza, hata kama una roho ya huruma kama mimi ambaye mikono hunitoka yenyewe. Unamuuliza anataka nini sasa hivi: kuzungumza, kunyamaza, kuendelea na jino, kwenda nyumbani. Unamuuliza nani mwingine ajue na kama anaridhia chochote kiandikwe. Unamwambia mshauri nasaha yupo, mlango wake uko wapi, na kwamba halazimishwi. Jambo moja tu halina siri, nalo unalisema mapema kabla hajamwaga moyo wake: kama yuko mtoto aliye hatarini leo, hatuwezi kunyamaza.

Matunda yake tumeyaona. Kulikuwa na mama mmoja, na habari zake nimezichanganya na za wengine makusudi ili asijulikane, aliyekuja mara tatu akaketi kwenye kiti, kiti kikiwa wima, akazungumza habari za mvua na bei za viatu, akaondoka. Utawala wakaja juu. Mgonjwa anakuja mara tatu hatibiwi, ni matibabu gani hayo? Daktari akawajibu kwamba ndiyo hayo. Safari ya nne mama alifungua mdomo mwenyewe, na kabla hajafungua alituambia kwa nini ilimchukua muda. Siku hizi huja peke yake na kututania kwamba tumezeeka.

Lakini nisiwadanganye. Kila tulipofanikiwa na mmoja, Daktari alikuwa akimkumbuka yule aliyempoteza. Nilikuwa namwona. Mgonjwa akishatoka, yeye hubaki amekaa kwenye kigoda chake, glavu mkononi, anatazama ule msumari. Alijaribu kumtafuta mwanzoni na kuambiwa kijana amehama. Kutuma watu wamuulizie hakuthubutu, kwa maana nyumbani kwao wangeuliza daktari wa meno anakutakia nini, na kumtafuta kwa nguvu kungekuwa kumfichua. Ikabidi asubiri. Alikuwa na neno la kumwambia mtu mmoja tu duniani, na tarehe ya kustaafu ilipotangazwa akaanza kupita kwenye viti vya kusubiri kila asubuhi, akiwasalimia watu mmoja mmoja na kuwatazama mataya. Watu walidhani anaaga.

Mwaka huu, miezi michache tu iliyopita, dada mmoja alimleta kaka yake amevimba shavu. Mtu mzima wa makamo, mpiga rangi wa majumba, rangi ya kijani bado imemganda kwenye kucha. Dada alikuwa anamsukuma huku anamsema. Kaka huyu, alilalamika, ana ubishi, anaugua jino tangu enzi na hospitali haendi, angekaa vile mpaka sumu imfike kichwani. Kaka alikuwa ametoa macho, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja.

Daktari aliuliza lile swali lake la siku zote, nani abaki na nani atoke. Mpiga rangi akasema dada yake asubiri nje. Kuhusu mimi alinitazama kidogo, akasema nibaki. Kiti kilikuwa wima. Daktari akamwomba ruhusa ya kutazama tu, kwa kioo kidogo, bila kumlaza, na mkono wa kushoto ukiinuka anaacha. Akatazama.

Sisi watu wa meno husahau sura, vinywa hatusahau. Jino lilikuwa limebaki ganda, limeliwa hadi kwenye ufizi, lakini lile tundu alilitambua. Alilifungua yeye. Nikamwona anaweka kioo kwenye sahani polepole, anavua glavu, anashusha barakoa. Mgonjwa alikuwa hajasema neno. Mimi nikajua ni yule.

Daktari alimwambia kwamba anadhani waliwahi kukutana katika chumba hiki, na kama anakosea asamehewe. Kama ndivyo, basi siku ile aliambiwa jambo, naye akajibu kwa kumwambia afungue mdomo, na tangu siku ile amekuwa akitafuta nafasi ya kuomba radhi. Alisema hataki kujibiwa chochote. Jino litatibiwa hata kama hatajibiwa.

Mpiga rangi alianza kukwangua rangi kwenye kucha. Mwishowe akasema, "Mimi nilijua hukusikia."

"Nilisikia," Daktari akamwambia. "Hapo ndipo palipo na kosa."

Jamani. Nimefanya kazi humu ndani, nimesikia watu wakilia kwa meno ya kila aina, lakini sijawahi kumwona mtu akishtuka vile. Miaka yote hiyo, alitueleza, aliamini kwamba maneno hayakutoka. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, akadhani alitoa mlio tu. Baadaye akajiambia kwamba labda yalitoka lakini yalitoka vibaya, au lilikuwa jambo dogo ndiyo maana daktari hakulijali. Akaapa kutolisema tena, na hakulisema. Mkewe hakuambiwa. Mama yake mzazi hakuambiwa, na aliyemtenda alikuwa rafiki wa familia aliyekula mezani kwao kila wiki, ndiyo maana mwana huyu akaacha kwenda nyumbani. Mama akafariki akimwita mtoto asiye na shukrani. Daktari alimuuliza swali moja pekee, kama mtu yule bado yupo karibu na watoto. Alishakufa.

Hapo ndipo Daktari alipolia. Alilia bila kujificha, na mpiga rangi akamtazama akilia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Huwezi kumrudishia mtu mama yake. Hata lile jino, Daktari aliniambia jioni, siku ile lilikuwa na uzima wa kutosha, lingezibwa lingedumu hadi uzeeni. Sasa ilikuwa kuling'oa tu. Akampa dawa ya uvimbe na akampangia siku nyingine, mgonjwa wa mwisho asubuhi, ili kusiwe na haraka. Nilitega masikio kusikia kama angesema atakuja. Alisema ataona.

Alikuja. Uvimbe ulikuwa umeisha, kofia mkononi, dada nyuma yake hadi kwenye benchi la korido. Mwenyewe akasema kiti kilazwe nusu, si zaidi. Daktari akamdunga, taratibu, akimhesabia. Tukangoja ganzi ishike. Hakuimba. Alipogonga jino kwa kifaa na mpiga rangi akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu, akachukua koleo. Mkono wa kushoto ukainuka.

Koleo likarudi kwenye sahani. Glavu zikavuliwa. Kiti kikainuliwa na ule mlio wake, taa ikazimwa. Mpiga rangi, nusu ya mdomo imelala kama siku ile, akasema kwamba angependa kusema tena, yote, tangu mwanzo, kwa sababu ile mara ya kwanza alisema kidogo. Daktari akamuuliza kama msaidizi atoke. Akasema hapana, abaki na mrija wake, labda mate yatamwagika. Nikacheka na kulia kwa pamoja, sikuweza kujizuia.

Akasema. Aliyoyasema hayamo humu. Alisema taratibu, akirudia maneno ambayo midomo ilikuwa inayakataa, na kila aliporudia Daktari aliitikia ili ajue limefika. Muuguzi wa mapokezi alibisha hodi, nikamfungulia kidogo na kumwashiria aende. Niliona saa ya ukutani. Nilijua ganzi inakwisha, tena ilikuwa imeshika vizuri, na kwa mazoea ya kazi vidole vilikuwa vinaniwasha. Daktari hakuigeukia saa hata mara moja. Aliiacha ganzi iishe yenyewe.

Mpiga rangi alipomaliza alijigusa mdomo na kusema umerudi, sasa anasikia. Ilibidi sindano ya pili. Daktari alimwomba radhi kwa hiyo sindano, uso umemnyong'onyea, yeye anayejua sindano inavyotisha. Jibu lake ndilo lililotumaliza. Alisema adungwe tu, hata ya tatu kama ipo.

Jino lilitoka zima na mizizi yake yote. Alitoka na pamba mdomoni, akaenda kuketi kwenye benchi karibu na dada yake. Dirisha la chumba chetu linatazama korido, na sikulifunga pazia haraka kama ilivyonipasa. Niliona anamwambia kitu kifupi. Niliona dada, yule dada mkali, anaacha kutafuta funguo kwenye mkoba. Kisha nikafunga pazia.

Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilimwendea kwanza mpiga rangi kumuuliza anaonaje, na kama hataki, basi mzee wetu angeagwa kwa habari za miwani na nyimbo mbovu, na atukanushe akitaka. Mpiga rangi aliomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea tukiwa kwenye lile benchi. Sentensi mbili aliniambia nizitoe, nimezitoa. Mengine akayaacha yabaki, akasema wapo wengine waliodhani hawakusikika, huenda mmoja wao yumo humu humu kwenye foleni, au amevaa sare yetu. Halafu akaniongezea moja yake, akanisimamia mpaka nikaiandika.

Hapo katikati najua nimetoka kwenye desturi ya wasifu, na mafanikio mengine ya mstaafu sijayagusa. Amefundisha madaktari vijana wengi, ameanzisha siku ya watoto, ameokoa meno ambayo vitabu vilishayakatia tamaa. Nasikitika kwamba anaondoka wakati utawala wanazungumzia ratiba mpya ya dakika chache kwa kila mgonjwa. Nasikitika zaidi kwamba alilazimika kujifunza kwa hasara ya mtu mwingine, na yeye anasikitika kuliko mimi. Msumari tutauacha pale pale. Atakayekuja kurithi chumba namba nne atakalishwa kwenye kiti na kusimuliwa, sasa itakuwa kwa mdomo wangu, na nitasimama.

Daktari, Chapuchapu, Babu Meno wetu, asante kwa miaka yote, na asante kwa kutukataza kukusifu kwa uongo. Tunakutakia pumziko lenye afya, wajukuu wengi wa kukuchosha, na kikundi cha uimbaji chenye uvumilivu mkubwa. Huko uendako hutakuwa na glavu za kuvua. Endelea kusikiliza vivyo hivyo.

Na ile sentensi ya mpiga rangi ni hii hapa, kama alivyoisema: mara ya kwanza nilisema sawasawa.